Nyama ya Kusaga Haina Mwenyewe

Mazungumzo ya kamati ya lishe katika mkutano wa jamaa, yaliyofanywa Jumamosi alasiri sufuria ikiwa jikoni

Tunawashukuru hasa akina baba mliokubali kuketi hapa karibu na jiko badala ya kwenda kutazama mpira. Tunajua wengine mmevutwa na harufu ya kitunguu. Hakuna ubaya. Chakula kikiiva tutakula sote, lakini kwanza tuzungumze.

Somo letu la leo ni chakula cha jioni cha jamaa: makaroni na nyama ya ng'ombe ya kusaga, yakipikwa pamoja katika sufuria moja. Tulipotangaza somo hili kuna waliocheka. Walisema, "Kamati ya lishe imeishiwa na maneno. Walianza na uji wa wimbi, sasa wamefika kwa makaroni, chakula cha watu wa mjini!" Hebu tuwaeleze kilichotufikisha hapa. Sisi hatukuanza na makaroni. Tulianza na mama mmoja aliyeanguka shambani.

MAMA ALIYEKULA MCHUZI

Mama huyu ni mwenzetu katika kikundi, naye ametupa ruhusa tusimulie habari zake bila kumtaja jina. Nyumbani kwake ni watu wanane: yeye, mumewe, nyanya ya watoto, na watoto watano. Wakati ule mtoto wa mwisho alikuwa ananyonya. Ilikuwa siku ya palizi. Alisikia kizunguzungu, akaegemea jembe, akaanguka. Jirani walimwinua wakampeleka kliniki.

Kule walimpima damu, wakamwambia ni kidogo mno. Muuguzi akamwuliza, "Mama, kwenu mnakula nyama?" Akajibu bila kusita, "Ndiyo, kila Jumamosi tunanunua nusu kilo." Muuguzi akauliza tena, "Na wewe mwenyewe unakula vipande vingapi?"

Hapo mwenzetu alinyamaza. Alipofika kwenye mkutano wetu ndipo alipotueleza hesabu. Nusu kilo ikikatwa kwa mchuzi, kwake hutoka vipande kumi na sita hivi. Baba hupewa vitano. Wavulana wawili hupewa vitatu kila mmoja. Nyanya ya watoto hupewa vitatu. Wasichana wawili hupewa kimoja kimoja. Jumlisheni wenyewe: vimekwisha. Mama anabaki na mchuzi na kukwangua sufuria.

Tafadhali tusikilizane hapa. Hakuna mtu aliyemnyima nyama mama huyu. Mumewe si mtu mbaya. Mkwe wake hakumwonea. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipakua, na mkono wake mwenyewe ndio uliokuwa ukimruka, kwa sababu ndivyo alivyomwona mama yake akifanya, na mama yake alivyomwona nyanya yake.

Na hesabu haikuishia hapo. Nyanya ya watoto hana meno ya kutosha. Vile vipande vitatu alikuwa akivifyonza tu, kisha anawapa wavulana. Basi hata yule aliyeheshimiwa kwa nyama hakuila.

Siku hiyo tukaulizana kikundini, "Ni nani hapa Jumamosi iliyopita alikula kipande cha nyama nyumbani kwake?" Mikono iliyoinuka ilikuwa michache. Tukatazamana. Tulikuwa tumefundisha mambo ya mboga, ya uji, ya kuku wa kienyeji, lakini hatukuwa tumeuliza sahani ya mama ina nini.

KWA NINI MAMA NDIYE WA KWANZA KUISHIWA NA DAMU

Mwili hutengeneza damu kwa kutumia madini ya chuma. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 8 hivi kwa siku. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi anahitaji 18. Mwanamke mjamzito anahitaji 27. Kwa hiyo yule tunayempa vipande vitano ndiye anayehitaji kidogo, na yule anayekula mchuzi ndiye anayehitaji zaidi ya mara mbili. Tumegeuza mizani juu chini.

Gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina miligramu 2 hadi 3 hivi za madini hayo. Mtasema ni kidogo, na ni kweli. Lakini chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko kile cha mboga na maharagwe. Tena nyama ina faida nyingine: ikiliwa pamoja na maharagwe au mboga, huusaidia mwili kuchukua chuma kilichomo humo. Nyanya, hoho na ndimu pia husaidia kwa vile zina vitamini C. Ndiyo sababu chakula kilichochanganywa ni bora kuliko kipande kikubwa cha nyama peke yake.

Kuna rafiki yetu mmoja anayeharibu kazi hiyo, naye ni chai. Tukinywa chai pamoja na chakula, au mara tu baada ya kula, inazuia chuma kuingia mwilini. Hatusemi muache chai, wacha tusigombane bure. Tunasema ngojeni kama saa moja baada ya kula, halafu mnywe.

MAKARONI YALIVYOINGIA

Tulipokuwa tukishauriana, mwenzetu mmoja aliyefanya kazi ya upishi Nairobi miaka mingi alisema maneno ambayo hatukuyasahau. Alisema, "Kipande cha nyama kina mwenyewe. Nyama ya kusaga haina mwenyewe. Ukishaichanganya na chakula, kila kijiko ni sawa na kingine. Hata ukitaka kupendelea mtu, utampendelea na nini?"

Tukacheka, lakini tuliona ni kweli. Tulijaribu na ndengu, tukajaribu na mchele, kisha tukajaribu na makaroni. Makaroni yalishinda kwa sababu yana tundu na nyama inaingia ndani. Huwezi kuichokoa ukaitenga. Pia watoto wanayapenda, wazee wanayatafuna bila taabu, na yanaiva upesi.

Wale wanaosema hiki si chakula chetu, tuwakumbushe kidogo. Ndugu zetu Wasomali wanapika makaroni na baasto kwa mchuzi wa nyama tangu nyakati ambapo Waitaliano walitawala kusini ya Somalia. Nendeni Garissa, Wajir au Eastleigh mkaone: ni chakula cha kila siku. Huko Pwani watu wanajua tambi, ambazo hupikwa kwa sukari, iliki na tui la nazi. Hata chapati tunayoipenda sana sikukuu ilitoka kwa watu wengine, na leo ni nani atakayesema chapati si yetu?

Hata hivyo tusidanganyane. Makaroni hutengenezwa kwa ngano, na ngano nyingi inayoliwa Kenya hutoka nchi za nje. Hatuwaambii mwache ugali na githeri mle makaroni kila siku. Tunasema mara moja kwa juma, ile siku ya nyama.

KUNUNUA

Kwa watu wanane, nunueni vitu hivi:

Nyama ya ng'ombe nusu kilo.
Makaroni gramu 500.
Kamande kikombe kimoja, zile kavu.
Vitunguu vitatu, na kitunguu saumu punje nne.
Nyanya sita zilizoiva vizuri.
Karoti mbili na hoho moja.
Sukuma wiki au mchicha, fungu moja.
Mafuta vijiko viwili vya mezani, chumvi, pilipili manga kidogo, na dania ukiwa nayo.

Bei hatutaji, kwa kuwa ya Kisumu si ya Meru, na ya leo si ya kesho. Fanyeni hesabu na duka lenu. Lakini tazameni: nyama ni nusu kilo ile ile mliyokuwa mkinunua. Hatujawaongezea. Nusu kilo kwa watu wanane ni gramu 60 hivi kwa kila mmoja, na ndiyo maana tumeweka kamande. Kamande zikiiva na kupondeka kidogo, hufanana na nyama ya kusaga. Wanaume wawili walionja juzi wakatuambia tumeweka kilo nzima. Hatukubishana nao.

Sasa, nyama ya kusaga ina hatari yake, na hapa tunaomba masikio yote mawili. Uchafu na vijidudu hukaa juu ya nyama. Kipande kikikaangwa, vile vya juu vinakufa. Lakini mashine inaposaga, inachukua vya juu na kuvipeleka ndani. Kwa hiyo fanyeni hivi. Kwanza, nunua katika bucha ambayo nyama yake imepigwa muhuri wa mkaguzi. Pili, usinunue iliyosagwa tayari na kuachwa kwenye sahani na nzi. Chagua kipande, kisagwe ukitazama, na uangalie kama mashine ni safi. Tatu, ipike siku hiyo hiyo. Kama huna friji, usiilaze mbichi hata usiku mmoja.

Kama bucha haina mashine usihangaike. Tumia kisu kikali na ubao safi. Kata nyama vipande vyembamba, kisha katakata mpaka iwe kama punje za maharagwe. Ni kazi ya nusu saa, na kijana wa miaka kumi na tano aliyeketi bure anaiweza vizuri. Ukimaliza osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mboga.

Jambo lingine ni minyoo iitwayo tegu. Ng'ombe huipata akila majani yaliyochafuliwa na kinyesi cha mtu, kisha mtu huipata akila nyama ya ng'ombe huyo bila kuiva vizuri. Ndani ya tumbo la mtu inaweza kurefuka mita kadhaa. Basi dawa ni mbili: choo kitumiwe na kila mtu, na nyama iive kabisa, isibaki hata na wekundu kidogo.

KUPIKA

Anza na kamande, maana ndizo zinazochelewa. Zichague mawe, zioshe, uzichemshe kama dakika kumi. Kama una kikapu cha kupikia, kile kilichojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, iweke sufuria humo ikiwa imefunikwa vizuri, uendelee na kazi nyingine. Baada ya saa moja na zaidi kidogo utazikuta zimeiva bila kutumia makaa. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018 na makaa yakapanda bei, wengi wetu tulikirudia kikapu hiki ambacho mama zetu walifundishwa zamani tukakidharau. Ambaye hana kikapu aziache jikoni mpaka zilainike.

Sasa weka sufuria kubwa kwenye jiko, iwe na mafuta. Tia vitunguu vilivyokatwa. Usiwe na haraka hapa. Vikaange mpaka viwe na rangi ya dhahabu, kisha tia kitunguu saumu.

Tia nyama. Itandaze kwa mwiko, iache ishike sufuria kidogo, halafu uigeuze na kuipondaponda isifanye mabonge. Itatoa maji, yaache yakauke. Mafuta yake yenyewe yatatoka, ndiyo sababu tumesema vijiko viwili tu mwanzoni. Endelea mpaka nyama yote imebadilika rangi na inaanza kunukia. Wengi wetu tunakosea hapa: tunamwaga nyanya mapema na nyama inachemka badala ya kukaangika. Ladha yote ya chakula hiki iko katika zile dakika kumi za subira.

Tia karoti na hoho zilizokatwa ndogo, kisha nyanya na chumvi. Funika mpaka nyanya zivurugike na kuwa rojo. Tia kamande, na uponde chache kwa mgongo wa mwiko.

Halafu maji. Vitabu vingi husema chemsha makaroni peke yake kwa maji mengi, kisha mwaga maji. Sisi hatuna maji ya kumwaga, wala makaa ya kuchemshia sufuria mbili. Mimina maji yanayochemka vikombe vitano, kikombe cha robo lita, yaani lita moja na robo. Yakichemka tena tia makaroni yakiwa makavu, koroga, funika. Koroga kila baada ya dakika mbili tatu ili yasishike chini. Yakinywa maji yote kabla ya kuiva, ongeza nusu kikombe.

Ni dakika ngapi? Pakiti itakuambia nane au kumi. Usiiamini sana kama unakaa nyanda za juu. Kule Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi, ambako ni mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa digrii 94 hivi. Nyahururu ni kama 92. Maji yanachemka lakini moto wake ni mdogo, kwa hiyo chakula kinachelewa. Kwa watu wa huko ongezeni dakika tatu, nne au tano. Onja moja: liwe laini lakini si uji. Na makaroni usiyatie katika kile kikapu. Yatavimba mpaka yawe ugali, na hapo baba atafurahi lakini si chakula tulichokusudia.

Mwisho tia sukuma au mchicha uliokatwa mwembamba, pilipili manga na dania. Funika dakika tatu. Epua. Acha sufuria itulie dakika tano nyingine kabla ya kupakua. Rojo itashikana na makaroni.

KUPAKUA

Tumefika mahali ambapo somo lote limeelekea. Tafadhali leteni sahani zote za nyumbani mziweke mezani, au kwenye mkeka, kwa mstari mmoja. Zote pamoja, na ya mama ikiwemo. Hapo ndipo upakue. Usipakue moja ukaipeleka sebuleni, nyingine ukaiweka pembeni, na yako ukasema "nitakula baadaye." Hiyo "baadaye" ndiyo iliyomwangusha mwenzetu.

Mtu mzima apate zaidi ya mtoto, hilo ni sawa. Anayenyonyesha na mjamzito wapate cha kutosha. Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula, mpondee vijiko vichache, visiwe na pilipili. Nyanya na babu wasio na meno watakula bila kuaibika mbele ya wajukuu. Kisha ombeni, mle kwa wakati mmoja.

Kama baba anachelewa kazini, chake kifunikwe, lakini cha mama kisingoje. Kilichobaki kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kipoesheni upesi, kifunikeni mahali baridi, na asubuhi kipashwe moto mpaka kitokote vizuri. Kikiwa na harufu au utelezi, mpe mbwa au kizikeni. Kuumwa tumbo ni ghali kuliko sahani moja ya makaroni.

MASWALI TULIYOULIZWA

Mzee mmoja alituuliza juzi, naye hakuwa akitania: "Mnataka kuninyang'anya heshima yangu? Tangu zamani nyama ya baba inajulikana." Tulimjibu kwa adabu, na leo tunarudia. Mzee, heshima yako haiko katika kipande cha tano. Mke akianguka shambani, ni nani atakayepalilia, ni nani atakayekupikia, na gharama ya hospitali italipwa na nani? Lakini hatukuishia hapo. Tulimwuliza, "Mzee, je, unajua mama wa watoto alikula nini jana?" Akafikiri, akasema, "Kwa kweli sijui. Huwa anakula jikoni." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hilo ni jambo la kutazama." Tunamshukuru kwa moyo huo. Yumo humu ndani, na ameshika sahani.

Mwingine aliuliza, "Bila ugali mimi sijala. Nitafanyaje?" Jaribu mara moja. Kamande, nyama na ngano vinashika tumbo vizuri. Ukiona bado, pika kaugali kadogo pembeni, hatutakuja kukukagua.

Mama mmoja aliuliza habari za mwenye ugonjwa wa sukari. Makaroni ni chakula cha wanga kama ugali na wali. Mpakulie makaroni machache, umwongezee mboga na kamande, na afuate maagizo ya kliniki yake.

Na mwingine alisema, "Ninyi mnazungumzia nyama. Kwetu kuna mwezi hakuna nyama kabisa." Huyu tunamwelewa kuliko wote. Tumia kamande vikombe viwili, au ndengu, au mayai yaliyovurugwa, au omena iliyosafishwa na kusagwa. Tia nyanya kwa wingi. Lakini ile kanuni ya sahani kwenye mstari mmoja haihitaji pesa. Hata ugali na sukuma vinaweza kupakuliwa kwa haki.

ALIVYO SASA

Mtapenda kujua mwenzetu yuko namna gani. Hatutasema makaroni yalimponya, huo utakuwa uongo. Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu na akavimeza kwa miezi, hata vilipomsumbua tumbo. Alirudi kupimwa kila alipoitwa. Mama yeyote mwenye kizunguzungu, kuchoka kupita kiasi, moyo kudunda ovyo au viganja vyeupe, asikae nyumbani akitegemea chakula. Aende apimwe.

Lakini vidonge vina mwisho, na sahani ni ya kila siku. Alitueleza kuhusu jioni ya kwanza alipopika chakula hiki. Kijana wake mkubwa alichukua uma akachokoachokoa sahani akitafuta vipande vyake vitatu. Hakuviona. Akatazama sahani ya dada yake mdogo, ikawa ni sawasawa na yake. Akauliza, "Mama, nyama yangu iko wapi?" Kabla mama hajajibu, yule msichana mdogo akasema huku mdomo umejaa, "Leo ni ya kila mtu." Nyanya yao akacheka mpaka akaweka sahani chini. Kisha akaichukua tena, akala yote, akaomba kijiko kingine.

Na baba? Mwenzetu anasema hakusema kitu siku hiyo. Jumamosi iliyofuata alipotoka bucha na nyama, alisimama mlangoni akauliza, "Leo ni ile ya kusaga?" Alikuwa amekwisha kuisagisha.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla hatujapakua, tunawapa kazi moja, na hasa akina baba. Juma hili chagueni jioni moja mtazame bila kusema neno. Ni nani aliyepakua? Ni nani aliyekula wa mwisho? Alikula akiwa ameketi au amesimama? Katika sahani yake kulikuwa na nini? Msimlaumu mtu. Tazameni tu, mkumbuke. Mkutano ujao kila nyumba italeta majibu yake, na tutazungumza.

Sisi wa kamati tulifanya kazi hii kabla yenu, na tuseme ukweli: wengine wetu tuliona haya. Tunafundisha lishe miaka mingi, na tulijikuta jikoni tumesimama, tunakwangua sufuria kwa kijiko cha chai. Tumeanza kujirekebisha, nasi hatujafika. Twendeni pamoja.

Makaroni yameiva. Vijana, leteni maji ya kunawa mikono, waanze wazee. Na sahani zije zote hapa mbele, kwa mstari mmoja.